Nguo Iliyotiwa Rangi na Gari Lililobadilishwa: Hukumu ya Dhamana

  

Miezi michache iliyopita tulipokea barua ya kijana mmoja wa Kiislamu, mzaliwa wa mwambao wetu, ambaye anaishi na kufanya kazi Marekani. Anasema alinunua gari jipya lenye injini ya tabo, akakabidhiwa pamoja nalo kitabu cha dhamana, ile ambayo vijana huiita waranti. Akajiunga na kundi la wapenzi wa magari ya aina hiyo. Hukutana asubuhi za Jumapili katika uwanja wa maegesho, wakafungua boneti, wakaoneshana kila mmoja alichobadilisha. Baada ya muda naye akabadilisha: akanunua programu ya kuongeza nguvu za injini, akaiingiza katika kompyuta ya gari. Miezi minane baadaye giaboksi ikaanza kuteleza. Usiku wa kuamkia siku ya kulipeleka gari kwa wakala, aliifuta programu ile na kuirudisha ya kiwandani. Fundi akamwuliza kama kuna kitu alichobadilisha. Akajibu, hapana. Giaboksi ikabadilishwa bila ya yeye kutoa hata senti.

"Sheikh," anaandika, "tangu siku ile, nikisimama kuswali nalikumbuka lile neno hapana."

Wenzake wanamwambia asijitie dhiki. Mmoja wao hakubadilisha ila rimu na springi, na mota ya kioo cha dirisha ilipokufa akakataliwa kutengenezewa kwa hoja kwamba gari lake "limebadilishwa". Kwa hiyo husema: wao wanatudhulumu, nasi tunachukua kilicho chetu. Kijana anauliza kama giaboksi ile ni halali yake, kama mtu akibadilisha gari lake ndiyo amepoteza haki zake zote, na kama inamfalia kuendelea kukaa na kundi hilo.

Huenda msomaji wa Tanga au Lamu akaona mas-ala haya yako mbali naye, kwani magari mengi yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam huwa yamekwishatumika Japani na dhamana zake za kiwandani zimekwisha. Lakini mzizi wa swali ni wetu sote: mtu akikibadilisha kitu alichokinunua, kisha kasoro ikadhihiri, haki yake husimama au huanguka? Mafaqihi walilizungumza jambo hili karne nyingi kabla ya gari, na mfano wao ulikuwa nguo.

Tulifahamu kwanza jambo lenyewe

Wanazuoni wamesema kuwa hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Gari la leo linaendeshwa na kompyuta ndogo, ambayo mafundi wetu huiita kontrol boksi. Hiyo ndiyo inayoamua mafuta yaingie kiasi gani, cheche ipigwe wakati gani, na tabo isukume hewa kwa nguvu gani. Mtengenezaji huwa haifikishi injini kwenye ukomo wake. Huacha akiba, kwa sababu gari hilo hilo litauzwa penye joto na penye baridi, penye mafuta mazuri na penye mafuta mabaya. Mwenye kuandika programu mpya anakula katika akiba hiyo. Na nguvu ikizidi haiishii kwenye injini. Hupita katika klachi, giaboksi na shafti, vyombo ambavyo vilipimwa kwa mzigo mwingine.

Wapenzi wa magari huko Marekani si watu wa jana. Chama cha watengenezaji na wauzaji wa vifaa vyao, SEMA, kimekuwapo tangu mwaka 1963. Wengi wao ni watu wa kazi na familia, na ujuzi wao wa ufundi ni mkubwa. Mgogoro wao na mawakala huzuka gari likiwa bado changa. Kwa kawaida dhamana ya jumla huko ni ya miaka 3 au maili 36,000, yaani kama kilomita 58,000, lipi litangulie. Na ya injini na giaboksi kwa makampuni mengi ni miaka 5 au maili 60,000. Ndani ya muda huo mtu anataka gari liwe na nguvu alizoziongeza mwenyewe, na wakati huo huo likivunjika atengeneze mwingine.

Hila aliyoifanya kijana wetu inajulikana sana katika makundi hayo, na makampuni nayo yanaijua. Kompyuta nyingi za siku hizi huhesabu mara ngapi zimeandikwa upya, na kurudisha programu ya kiwandani hakuifuti hesabu hiyo. Wenye Volkswagen na Audi wanaijua alama ya TD1, ambayo huwekwa kwenye rekodi ya gari lililogundulika kuongezwa nguvu, na kila wakala huiona. Kwamba kijana wetu hakugunduliwa ni sitara ya Mola wake juu yake, wala si dalili ya uhalali.

Sheria ya nchi anayoishi

Mwaka 1975 Rais Gerald Ford alitia saini sheria ya dhamana inayoitwa kwa majina ya wabunge wawili, Magnuson na Moss. Miongoni mwa yaliyomo ni kwamba mtoa dhamana haruhusiwi kumlazimisha mnunuzi atumie vipuri au gereji ya jina fulani ili dhamana yake iendelee, isipokuwa vitu hivyo apewe bure, au kampuni iwe imepata ruhusa maalumu ya Tume ya Biashara ya Shirikisho, ijulikanayo kwa herufi FTC. Tume hiyo imefafanua kuwa kampuni haiwezi kukataa matengenezo kwa sababu tu kipuri kisicho chake kimefungwa; ni lazima ioneshe kwamba kipuri hicho ndicho kilicholeta uharibifu.

Sheria hii imefahamika vibaya na pande zote mbili. Makampuni mengine yaliendelea kuandika masharti yanayopingana nayo. Mwezi wa Aprili 2018 FTC iliyaandikia makampuni sita barua za onyo, zikiwamo kampuni za vifaa vya elektroniki zilizosema kuwa kuvunja lakiri tu kunaiua dhamana. Mwaka 2022 ikachukua hatua dhidi ya Harley-Davidson, watengenezaji wa pikipiki, kwa masharti ya kuwafunga wateja na mawakala wake.

Wapenzi wa magari nao wameigeuza sheria hii kuwa ngao ya kila kitu. Husikii kwao ila: "wao ndio wathibitishe". Ni kweli, lakini uthibitisho ukipatikana dhamana ya sehemu ile huanguka kwa haki, na sheria haikumpa mtu ruhusa ya kuuficha. Wanaisoma nusu ya mbele ya sheria na kuiacha nusu ya nyuma.

Haki mbili zisichanganywe

Katika fiqhi ni lazima tutofautishe vitu viwili. Cha kwanza ni khiyari ya kasoro, khiyaru-l-aibi. Hii imewekwa na Sharia yenyewe, haihitaji kuandikwa popote, nayo inahusu kasoro iliyokuwapo kabla mnunuzi hajakabidhiwa kitu. Cha pili ni dhamana ya kampuni, nayo ni ahadi na sharti lililotiwa katika mkataba, kwamba kitu kikiharibika ndani ya muda fulani, hata kama siku ya mauzo kilikuwa kizima, kitatengenezwa.

Masharti ya namna hii katika uuzaji wanazuoni wa Kishafii waliyakazia sana. Wahanafi wakayaruhusu yale yaliyozoeleka katika desturi ya watu. Majalla, ile mejelle ya dola ya Uthmania iliyokusanywa kati ya 1869 na 1876, katika kifungu chake cha 188 inatoa mfano wa kununua kufuli kwa sharti muuzaji aligongomelee mlangoni. Dhamana ya gari ni ndugu wa kufuli hilo. Siku hizi hakuna anayenunua gari jipya bila ya kuitazamia, na bei imewekwa kwa kuihesabu. Basi sisi tunaona kuwa ni sharti sahihi, na Waislamu wamefundishwa na Mtume wao (s.a.w.) kusimama katika masharti yao, ila sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali.

Nguo, rangi na nazi

Mtu amenunua kitambaa. Akakikata, akakishona, au akakitia rangi nyekundu. Kisha akagundua kuwa kilikuwa na kasoro tangu dukani. Imam al-Marghinani, aliyefariki mwaka 593 Hijria (1197), amelieleza hili katika al-Hidaya: mnunuzi hawezi kukirudisha, kwa sababu rangi na uzi ni mali yake na haviachani tena na kitambaa, lakini anarejeshewa upungufu wa thamani uliosababishwa na kasoro ile ya mwanzo. Majalla imeliweka hilo katika vifungu vya 349 na 350, na kuongeza jambo ambalo huwashangaza wanafunzi wetu kila tunapolisomesha: hata muuzaji akisema "niletee hivyo hivyo nitakipokea", hakubaliwi. Atakuwa amechukua rangi ya mtu bila ya kuilipia.

Angalia jinsi mizani hii ilivyo sawasawa. Kubadilisha kumeondoa haki ya kurudisha. Hakukuondoa haki ya kufidiwa kasoro isiyotokana na mabadiliko. Muuzaji hawezi kusema "umetia rangi, basi sina deni nawe", wala mnunuzi hawezi kusema "rudisha bei yangu yote pamoja na rangi yangu".

Fidia hiyo, ambayo mafaqihi huiita arshi, haikadiriwi kwa hasira. Hutazamwa gari likiwa zima lina thamani gani sokoni na likiwa na kasoro lina thamani gani. Tuseme dola 30,000 na dola 27,000. Kilichopungua ni sehemu moja katika kumi. Ikiwa mnunuzi alilipa dola 28,000, arshi yake ni 2,800, yaani sehemu moja katika kumi ya bei aliyoitoa.

Kwa upande wa madhehebu yetu ya Kishafii, Imam an-Nawawi (amefariki 676 Hijria, 1277) anasema katika Minhaj kuwa kasoro mpya ikizuka mikononi mwa mnunuzi, haki yake ya kurudisha kwa nguvu huanguka. Muuzaji akiridhika kukipokea kitu kilivyo, mnunuzi huchagua kurudisha au kunyamaza. Asiporidhika, ama mnunuzi ataongeza fidia ya kasoro mpya na kurudisha, au muuzaji atalipa fidia ya kasoro ya zamani. Humo humo kuna faida ambayo mtu wa pwani ataifurahia. Imam ametoa mfano wa nazi! Ikiwa kasoro ya zamani haijulikani ila kwa kuleta kasoro mpya, kama kuvunja yai lenye ganda la thamani, au kuvunja nazi, au kutoboa tikiti lililoliwa na wadudu, basi kwa kauli iliyo dhahiri zaidi mnunuzi anarudisha wala halipi chochote kwa kule kuvunja. Ni nani atakayejua kuwa nazi imeoza bila ya kuivunja? Nasi tunasema: mwenye kuvunja lakiri ili aone kwa nini chombo chake hakifanyi kazi, akafungua kwa kiasi cha haja na kwa ujuzi, yuko karibu sana na mwenye nazi.

Nani alete ushahidi?

Hapa ndipo penye ugomvi wenyewe. Minhaj inasema kuwa wakihitilafiana kama kasoro ni ya zamani au mpya, husadikiwa muuzaji kwa kiapo chake, kwa sababu asili ni kuwa mkataba umekwishafungika. Umoja wa Ulaya umekwenda njia nyingine. Kwa mujibu wa agizo lake la mwaka 2019, kasoro ikidhihiri ndani ya mwaka mmoja huhesabiwa kuwa ilikuwapo siku ya makabidhiano mpaka muuzaji athibitishe kinyume chake.

Je, kauli ya Minhaj inaisaidia kampuni iliyomnyima yule rafiki mota yake ya kioo? Sisi tunaona haisaidii, na hii ni rai yetu, mwenye ilimu zaidi na atusahihishe. Kauli ile ni ya khiyari ya kasoro, ambayo ndani yake muuzaji hakuahidi chochote kwa siku zijazo. Katika dhamana kampuni imejifunga kwa hiari yake. Kuwapo kwa ahadi ni yakini, na kuanguka kwake kwa sababu ya rimu ni shaka, na yakini haiondolewi na shaka. Anayedai kuwa limetokea jambo la kuiondoa ahadi ndiye mdai, na mdai ndiye mwenye kuleta ushahidi.

Washereheshaji wa Kishafii wamesema tena kuwa kiapo ni cha mahali penye kudhaniwa pande zote mbili. Mahali ambapo hali yenyewe inasema, hapahitajiki kiapo. Mtumwa akiwa na kidole cha sita, mnunuzi husadikiwa, kwani kidole hakikuota jana. Akiwa na jeraha bichi, na mauzo ni ya mwaka jana, husadikiwa muuzaji. Mota ya kioo cha dirisha katika gari lililobadilishwa rimu ni kidole cha sita. Klachi iliyoungua katika gari lililozidishiwa nguvu ni jeraha bichi. Yaliyo katikati ni ya kupelekwa kwa wajuzi, kwani Majalla katika kifungu cha 338 imeeleza kasoro kuwa ni kile kinachopunguza thamani kwa wafanyabiashara na watu wa ujuzi, si kwa anayepiga kelele zaidi.

Basi yule rafiki amedhulumiwa, na tunamnasihi aombe sababu ya kukataliwa kwa maandishi, ashtaki katika vyombo vya nchi ile. Lakini dhulma aliyotendewa yeye haimpi mwingine, kwa wakala mwingine, haki ya kusema uwongo.

Jawabu la kijana wetu

Uwongo wake ni dhambi kwa hali yoyote, na toba yake ni kati yake na Mola wake. Ama giaboksi, hukumu yake inategemea kilichoivunja. Amtafute fundi mwadilifu asiye wa wakala wala wa kundi lake, amweleze kweli yote: programu gani, nguvu ziliongezeka kiasi gani, giaboksi iliteleza vipi. Ikiwa fundi atasema giaboksi za aina hiyo huvunjika hata katika magari ambayo hayajaguswa, na dalili zinaelekea huko, basi matengenezo yalikuwa haki yake, na kilichobaki juu yake ni ule uwongo. Ikiwa atasema mzigo wa ziada ndio ulioivunja, basi amechukua mali ya watu kwa hila, nayo ni deni: thamani ya giaboksi na ujira wa kuifunga. Akiendelea kuwa katika shaka, kutoa ni salama zaidi kwa dini yake.

Anataja kuwa kampuni ni tajiri na wenyewe si Waislamu. Hili halibadilishi kitu. Allah (S.W.) ametuamrisha mwanzoni mwa Sura al-Maida tutekeleze mikataba, wala hakuvua mkataba wa tajiri au wa asiye Muislamu.

Kuhusu kundi lake, asili ya mambo ya desturi ni uhalali, na gari ni mali yake. Achunge asifanye israfu, asiwakeshe majirani kwa bomba la moshi, na asiondoe vifaa vya kusafisha moshi. Ripoti ya idara ya mazingira ya Marekani ya mwaka 2020 ilikadiria kuwa malori madogo ya dizeli zaidi ya 550,000 yalikuwa yameondolewa vifaa hivyo katika muda wa kama miaka kumi, na moshi huo unavutwa na watoto wa watu. Na kila anachobadilisha akijue kuwa ni nguo iliyotiwa rangi: amekubali kwa hiari yake kubeba kinachotokana nacho.

Siku akiliuza gari hilo aseme lilizidishiwa nguvu, hata kama programu imekwishafutwa, kwa sababu uchovu wa vyuma haufutiki kwa kompyuta. Abdullah bin Umar (r.a.) alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodaiwa kasoro. Mnunuzi akalalamika kuwa kuna maradhi hakuambiwa. Kesi ikafika kwa Sayyidna Uthman (r.a.), akamtaka Ibn Umar aape kuwa alipomuuza hakuyajua maradhi yale. Ibn Umar akakataa kuapa, akampokea mtumwa wake. Baadaye mtumwa akapona, akauzwa kwa dirhamu 1,500. Wenye kuuza magari kwetu kwa neno la "lilivyo ndivyo hivyo", huku wamezirudisha nyuma namba za maili, wakisome kisa hiki mara mbili.

Limebaki moja, alilolitaja mwisho wa barua: pesa atamrudishia nani? Kwa kawaida wakala hulipwa na kiwanda kwa kazi ya dhamana, kwa hiyo mwenye haki ni kiwanda. Si lazima ajifedheheshe. Haki ikimfikia mwenyewe kwa njia yoyote inatosha, hata bila ya jina la mtumaji. Lakini kampuni kubwa mara nyingi hazina mlango wa kupokelea pesa ya namna hii, na barua yake huenda ikatupwa. Akishindwa kabisa, ipo njia nyingine tunayoiona kuwa nzuri. Gari bado liko ndani ya muda wa dhamana. Kikiharibika kitu kingine kisichohusiana na programu ile, ambacho kiwanda kingepaswa kukilipia, akilipie yeye mwenyewe kwa nia ya kulipa deni, aandike kiasi, na aendelee hivyo mpaka kitimie. Muda wa dhamana ukiisha na deni bado lipo, kilichobaki akitoe sadaka kwa niaba ya mwenye haki, na siku akipata njia ya kumfikia, ampe.

Wallahu aalam.